Kilo za Dastan

Jumatatu, 24 Novemba 1997
Remmy, kuli wa ghala la mahindi la Swalehe hapa Majengo, amekufa leo saa nne na robo asubuhi akiwa na gunia mgongoni. Aliyethibitisha ni mganga wa zamu hospitalini. Kwenye fomu ameandika kuwa moyo ulisimama. Marehemu alikuwa na miaka ishirini na tisa. Gunia lilikuwa la kilo mia moja na tano.

Nilifika dakika ishirini baadaye. Lori lilikuwa bado nusu tupu na mahindi yaliyomwagika yalikuwa yakizolewa. Mashahidi watatu wanakubaliana: alipanda ubao hatua nne, akasimama, akasema "subirini kidogo", akapiga magoti. Aliyekuwa nyuma yake ni Dastan, mpangaji wangu, ambaye alilidaka gunia kwa bega lisimwangukie.

Dastan amerudi saa kumi, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Alikuwa mzito kuliko mimi, mama. Alikuwa na kilo tisini na nne."

Nilimwuliza amejuaje kilo za mwenzake kwa uhakika huo. Akasema pale kazini kila mtu anajua kilo za kila mtu. Nimelichukua hilo.

Jumanne, 25 Novemba
Mvua ya kwanza ya maana. Simu ya posta imekatika.

Alhamisi, 27 Novemba
Mazishi. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wakimenya ndizi.

"Kifua kama mlango wa ghala, halafu mnaniambia moyo."

"Wamemfanyia tu."

"Nani ahangaike kumfanyia kuli?"

"Kuli mwenzake. Kazi zenyewe si ndiyo hizi."

Nilituma maneno mia mbili gazetini, Dar es Salaam. Wamechapa arobaini.

Jumatatu, 1 Desemba
Nimekwenda ghalani kabla ya saa moja kuona kazi inavyoanza. Inaanza na mizani.

Ni ile ile ya kupimia mahindi, yenye sahani pana ya chuma chini. Makuli kumi na wanane walipanga mstari, wakavua mashati na viatu, wakapanda mmoja mmoja. Karani alisoma kwa sauti, Swalehe akiwa kitini anasikiliza. Anayepungua kilo tano tangu mwezi uliopita hapewi kazi mpaka zirudi. Utaratibu huu una miaka miwili, kila Jumatatu. Hakuna anayetaja ugonjwa unaotafutwa na hakuna asiyeujua.

Muhsini, kijana wa Tunduru mwenye mdomo kuliko wote, alipanda akiwa amejaza pumzi.

"Sabini na nne," karani akasoma.

"Ongeza na njaa, karani. Nayo ina uzito wake."

"Shuka, mwingine apande."

"Nashuka, lakini andika kwamba nimeshuka mwenyewe, sikuangushwa."

Dastan alisoma themanini na nane. Wenzake wakampigia mluzi.

Nilimwuliza Swalehe nani alimruhusu kupima watu kama mahindi.

"Dada Theodosia, ghala langu, mizani yangu. Zama za kuomba kibali cha kila kitu zimekwisha."

Nikamwuliza Remmy alikuwa na kilo ngapi mwaka jana. Karani alisema sabini na tatu. Hizo ni kilo ishirini na moja kwa mtu anayekula ugali na maharage. Swalehe aliangalia mvua.

Jumatano, 3 Desemba
Paa la chumba cha Dastan limevuja. Tuliposogeza kitanda nikaona boksi la viatu chini yake, na ndani chupa sita ndogo zenye picha ya fahali. Dawa yenyewe ni ya manjano, nzito kama mafuta ya alizeti. Kwa herufi ndogo imeandikwa nandroloni, homoni ya kukuza misuli.

"Hii nini, Dastan?"

"Mafuta, mama."

"Ya nini?"

"Ya mwili. Sindano moja kwa wiki. Siku hizi mbili."

"Remmy naye?"

"Remmy ndiye aliyenipeleka."

Alinieleza akiwa ameshika ndoo chini ya tundu la paa. Mwaka juzi aliugua homa ya matumbo, akashuka kilo tisa. Swalehe alimrudisha nyumbani miezi miwili. Majirani waliacha kula naye sahani moja. Msichana aliyekuwa akimwendea alihamia upande wa pili wa barabara kila walipokutana.

"Ilikuwa homa ya matumbo tu, mama. Nilikuwa na cheti. Nani anasoma cheti? Watu wanasoma mashavu."

Nimemwambia nitaandika habari hii. Akaniomba nisubiri mpaka aoe.

Ijumaa, 5 Desemba
Mvua.

Jumapili, 7 Desemba
Mvua. Malori ya korosho kutoka Tunduru yamekwama siku ya nne.

Jumatatu, 15 Desemba
Anayewachoma ni Kajetani, muuza dawa baridi zisizohitaji cheti, kwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa dresa wa kufunga vidonda kwenye zahanati ya serikali mpaka mwaka tisini na nne alipopunguzwa kazini. Ukutani ametundika koti jeupe lililopigwa pasi. Alijibu kila nilichomwuliza, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Dawa inavuka mpaka na wafanyabiashara wa mitumba. Ni ya mifugo? "Ni ya misuli, mama. Msuli wa ng'ombe na wa mtu haitofautiani sana." Sindano mpya kwa kila mtu? Mpya, naye alinionyesha katoni. Wateja wangapi? Akatabasamu. Anapima presha kabla ya kuchoma? Hapana.

"Nikuambie kitu kimoja uandike," alisema. "Watu wanadhani hawa vijana wanatafuta ukubwa. Wawili watatu, ndiyo, wana vyuma vyao vya makopo ya zege pale uwanjani. Wengine wanatafuta kilo tu. Wakija kwangu wanauliza itaonekana lini kwenye mizani."

"Na Remmy?"

Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi, 20 Desemba
Hilda, mchumba wa Dastan, amekuja kutoka Maposeni na baba yake, Mzee Rupert. Hilda anafundisha darasa la tatu. Mzee analima mahindi ekari nane na anapenda kusema. Alimzunguka Dastan kama anayekagua dume la kununua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii shingo umeipata wapi? Hilda, huyu akikukumbatia uwe umeshaungama."

Hilda hakucheka. Alikuwa anaangalia vifundo vya miguu ya Dastan, ambavyo soksi ilikuwa imeviachia alama ya kina.

Mahari imepokelewa. Ndoa itakuwa baada ya Pasaka. Majina yatatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo kabla yake, na yeyote mwenye pingamizi aseme. Mzee Rupert amenieleza anachokitazama, kwa sauti ya chini, Dastan alipokwenda kuleta soda. Amezika binti mmoja tayari, na mkwe aliyemwoa binti huyo alianza kwa kukonda.

"Huyu nimeridhika naye," alisema. "Mtu anaona kwa macho."

Sikumwambia kitu. Haikuwa siri yangu.

Alhamisi, 25 Desemba
Noeli. Ubwabwa, kuku, mvua.

Jumanne, 6 Januari 1998
Dastan ametokwa damu puani uani kwa dakika kumi na nane, kwa saa yangu. Anasema inamtokea tangu Novemba. Kichwa kinamgonga kisogoni kila asubuhi. Akipanda ubao wa lori anasikia kama kuna mtu anapiga mlango ndani ya kifua. Nilimwambia achague kati ya hospitali ya Peramiho Ijumaa na mimi kwenda kwa Hilda kesho. Akasema mimi si mama yake. Baadaye akaja kuuliza gari la Peramiho linaondoka saa ngapi.

Ijumaa, 9 Januari
Daktari wa hospitali ya misheni aliyempokea ni Sista Notburga, Mmatengo wa Mbinga, mfupi, asiyepoteza maneno. Presha mia na tisini na mbili kwa mia na kumi na nane. Alipima mara tatu, mikono yote. Kisha picha ya kifua na kile kipimo cha umeme wa moyo chenye karatasi ndefu.

Dastan aliruhusu nikae chumbani. Nayaandika maneno ya Sista nilivyoyachukua.

"Umetanua mikono, na moyo nao ni msuli, umetanuka vilevile. Tofauti ni kwamba mkono unanenepa kwenda nje. Ukuta wa moyo unanenepa kwenda ndani pia, unakula nafasi ya damu, unakuwa mgumu. Unasukuma kwa nguvu nyingi kitu kidogo."

Aliinua picha dirishani. Kivuli cha moyo kimepita nusu ya upana wa kifua.

"Damu yenyewe imekuwa nzito, dawa hii inaongeza chembe nyekundu kupita kiasi. Damu nzito inaganda upesi. Ikiganda kwenye moyo, umekwisha. Ikiganda kwenye kichwa, unapooza upande. Na mafuta mabaya yanajijenga kwenye mishipa mapema. Una miaka ishirini na saba. Presha hii naipima kwa wazee."

"Nikiacha, Sista, unarudi?"

"Kwa kiasi. Wengine unarudi sana, wengine kidogo. Ukiendelea haurudi. Usibebe kitu. Usile samaki wa chumvi. Meza vidonge hivi kila siku. Na utapungua, usishangae. Utachoka vilevile, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Itachukua miezi."

"Nitapungua kilo ngapi?"

"Kumi. Kumi na tano."

Dastan aliangalia karatasi ya umeme wa moyo kwa muda. Kisha akauliza kama kuna dawa ya kuacha bila kupungua. Sista aliuliza kwa nini, na mimi nikamweleza habari ya mizani. Aliweka kalamu chini. Alisema kuna kipimo cha damu cha huo ugonjwa mwingine, bure, chumba cha mwisho kwenye ukumbi. Dastan akakataa. Mtu akionekana anaingia chumba kile, alisema, mji haungoji majibu.

Jumatano, 14 Januari
Nimetuma maneno mia sita kwa faksi, bila kungoja ndoa. Jina la mgonjwa sijaliweka. Miaka ishirini na minne ya kazi sijawahi kumtaja mgonjwa kwa jina. Nimeandika "kijana mmoja, mpakiaji, mkazi wa Majengo, anatibiwa moyo". Wala ghala sijalitaja.

Jumatano, 21 Januari
Imetoka, ukurasa wa tano. Mhariri ameiita "Sindano za Siri Majengo". Sikuchagua kichwa hicho.

Jumatatu, 26 Januari
Dastan alikwenda ghalani ingawa alikatazwa. Alisema atashika daftari tu, hatabeba. Wakampandisha mizani. Themanini na mbili. Swalehe alimwambia, kwa adabu, aende apumzike.

Ijumaa, 30 Januari
Idi. Swalehe amepeleka pilau kwa makuli wote nyumba kwa nyumba, Wakristo na Waislamu. Kwetu sahani haikufika.

Jumanne, 3 Februari
Bombani asubuhi, mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa choo:

"Umesoma gazeti? Yule kijana ndiye Dastan wa kwa Mama Theodosia."

"Si wamesema moyo?"

"Wewe nawe. Moyo unakondesha mtu mashavu? Na sindano za siri ni za nini? Ameshakanyaga miwaya huyo, mama mwenye nyumba anamfichia."

Makala yangu ilikuwa sahihi kila neno. Jina nililoliacha wazi mji umelijaza, na ugonjwa nao umeujaza wenyewe.

Jumapili, 8 Februari
Mshenga amefika kutoka Maposeni, akiwa na mwavuli uliovunjika. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema. Mzee Rupert anaomba majina yasipelekwe parokiani kwanza. Hajavunja, alisisitiza. Anaomba nafasi ya kutazama.

Dastan alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alipita bila kunisalimu.

Alhamisi, 12 Februari
Dastan anakula mayai sita asubuhi. Nilimwuliza kama anameza vidonge. Akasema ndiyo. Haniangalii.

Jumatatu, 16 Februari
Muhsini amepita kusema Dastan amepima themanini na sita na amerudishwa kazini. "Mzee wa kazi amefufuka," alisema, halafu akaona uso wangu, akaenda zake.

Kilo nne kwa wiki tatu. Najua zimetoka wapi. Vidonge vya Sista vya kukojoza maji ameviacha, sindano ameirudia.

Ijumaa, 20 Februari
Saa sita na nusu mchana, mvua kubwa. Nilikuwa napiga chapa habari ya daraja. Dastan alisimama mlangoni, ameloa, mkono mmoja umeshika fremu.

"Mama, nihesabie."

Nilimkalisha, nikashika kifundo cha mkono, nikatazama saa. Mia na arobaini na nne kwa dakika. Mapigo hayakuja kwa mpango. Yalikimbia, yakaruka, yakasimama kidogo, yakakimbia tena. Nilihesabu mara ya pili kwa sababu ya kwanza sikuiamini. Mia na hamsini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Alisema amebeba magunia tisa, kwenye la kumi akaona ubao wa lori umekuwa mrefu, akaliweka chini mwenyewe, akatembea mpaka nyumbani. Hakuna aliyemsaidia. Walidhani amechoka.

Hakukuwa na teksi. Nilikimbia ghalani. Ninapoandika "nilikimbia" namaanisha nilikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kwenye tope. Lori la mbolea lilikuwa linashushwa. Nilimwambia Swalehe nahitaji lori kwenda Peramiho sasa hivi.

"Lina mbolea, dada. Itaharibika kwa mvua."

"Dastan anakufa kama Remmy."

Nilitegemea mabishano. Swalehe aliinuka, akachukua funguo mwenyewe, akawaambia makuli waache turubai wazi ikibidi. Aliendesha yeye. Dastan tulimchukua nyumbani, tukamlaza katikati yetu, kichwa mapajani mwangu, mkono wake mikononi mwangu, na mimi nikaendelea kuhesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Baada ya Mshangano tulikwama. Makuli wanne waliokuwa wamepanda nyuma waliruka chini wakasukuma. Muhsini alikuwa mmojawapo. Alisukuma kwa mgongo, uso juu, mvua inamwingia mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema neno.

Kabla ya Peramiho Swalehe aliongea, macho yakiwa barabarani.

"Mwaka tisini na tano nilizika makuli wawili na mdogo wangu wa tumbo moja. Wote walinificha mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa anabeba magunia huku anatapika. Nikasema sitafichwa tena. Mimi si daktari, dada. Nina mizani. Nikatumia mizani."

"Imewapeleka kwa Kajetani."

"Sasa najua."

Sikumhurumia. Lakini nimeliandika alivyolisema.

Saa tisa kasoro kumi Sista Notburga alimpokea mlangoni. Mipira ya dripu, kipimo cha umeme, sindano. Saa kumi na moja alitoka akasema mapigo yamerudi kwenye mstari. Mia na nne. Alisema lingebebwa lile gunia la kumi, tungeleta maiti.

Jumapili, 22 Februari
Yu hai. Analala.

Jumatano, 25 Februari
Jumatano ya Majivu. Kajetani amekuja wodini akiwa na jivu kwenye paji la uso na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, chupa arobaini na moja. Alizikabidhi kwa Sista Notburga, kisha akamtajia majina kumi na manne kwa kichwa, na kila mmoja amechomwa tangu lini na kiasi gani. Sista aliandika. Alipomaliza alimwuliza jina la kumi na tano ni la nani.

Kajetani akakunja mkono wa shati. Presha mia na sabini kwa mia na tano.

Nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu kama mshtakiwa. Sijui nimwandike nani sasa.

Jumatatu, 2 Machi
Hilda amefika wodini peke yake, bila ruhusa ya baba yake, na madaftari ya darasa la tatu ya kusahihisha. Aliketi upande wa pili wa kitanda, akaanza kusahihisha. Baada ya daftari la tano alisema:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha."

"Nilikupenda ukiwa na homa ya matumbo. Ulikuwa kama ufito. Hukuniona tu, ulikuwa unamwangalia yule mwingine anayevuka barabara."

Hilda akaweka alama ya vema kwenye hesabu, akafungua ukurasa.

"Kipimo cha chumba cha mwisho," alisema. "Tutaingia wote wawili. Mchana, watu wakiwa wamejaa ukumbini. Wanaotaka kuona waone."

Waliingia saa sita. Nilihesabu watu ishirini na watatu kwenye mabenchi.

Ijumaa, 6 Machi
Majibu. Wote wawili hawana. Dastan ana kilo sabini na tisa. Presha mia na hamsini kwa tisini na nane.

Ameniita.

"Mama, andika tena. Weka jina langu."

Nikamweleza kuwa jina la mgonjwa sichapishi, na sababu zake.

"Mara ya kwanza uliliacha, ukasema unanilinda. Uliona nilivyolindwa."

Nikamwambia likishachapwa halifutiki.

"Hata sasa halifutiki. Wanalitaja kila siku bombani, kwa ugonjwa ambao sina. Nitajwe kwa huu nilio nao."

Jumanne, 10 Machi
Nimeandika. Dastan, umri, kazi, kilo, presha, picha ya kifua, jina la dawa, mizani ya Jumatatu. Majibu ya damu nilitaka kuyaacha. Dastan na Hilda wamekataa niyaache. Swalehe amekubali kutajwa, kwa sharti moja, kwamba habari ya mdogo wake nayo iandikwe. Kajetani amejitaja mwenyewe.

Jumatano, 18 Machi
Imetoka, ukurasa wa tatu, bila kukatwa. Nakala za hapa zimeisha saa tatu.

Jumatatu, 23 Machi
Ghalani. Gazeti lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa uji wa sembe. Makuli walipanga mstari kama kawaida, mizani mahali pake. Karani alimtazama Swalehe. Swalehe alisema kupima kutaendelea mpaka apate njia nyingine, ila atakayepungua atapewa nauli ya kliniki na nafasi yake atashikiwa.

Muhsini alipandisha mkono kama yuko shuleni.

"Bosi, na ambaye akienda kliniki asipate karatasi nzuri kama ya Dastan?"

Swalehe aliitazama mizani.

"Atashikiwa vilevile."

"Liandike hilo, mama mwandishi," Muhsini akasema. "Huyu kesho atasema alikuwa na usingizi."

Nimeliandika. Sijui kama litasimama mahindi mapya yakiingia na kazi ikiwa nyingi. Muhsini alinifuata nje, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kliniki ya moyo ni siku gani. Nilimwambia Ijumaa. Akasema wako sita.

Dastan amepewa kazi ya kushona midomo ya magunia, akiwa amekaa. Ana kilo sabini na tano. Anachoka saa nne asubuhi. Anasema usiku analia bila sababu. Sista alituonya kuhusu hilo pia.

Jumamosi, 28 Machi
Mvua imepungua. Mzee Rupert amekuja bila mshenga, gazeti likiwa limekunjwa ndani ya koti. Dastan alikuwa uani, fulana imemlegea mabegani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alimwangalia kwa muda mrefu. "Shingo umeipeleka wapi?"

"Nimeirudisha kwa mwenyewe."

Mzee alitaka kucheka akajizuia. Akaketi. Alisema amesoma mara tatu na amemsomesha katekista mara moja ahakikishe. Ule ugonjwa mwingine ameuelewa kuwa haupo. Sasa tatizo lake ni hilo la moyo.

"Nilimzika binti kwa sababu ya mwanamume aliyekonda. Huyu wa pili awe mjane kwa sababu ya mwanamume aliyenenepa?"

Dastan alimjibu kwamba Sista atapiga picha ya pili ya kifua mwezi Aprili. Kivuli kikiwa kimerudi, ana nafasi ya kuishi kama watu. Kikiwa kimebaki kilivyo, hajui. Hakuongeza kitu cha kumtuliza mzee, na mimi niliona hilo ndilo lililomtuliza.

"Basi tungoje hiyo picha," Mzee Rupert alisema. "Ikitoka nzuri, majina yaende kanisani."

Jumapili, 5 Aprili
Matawi. Jua siku nzima.

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka. Dastan kilo sabini na tatu, presha mia na thelathini na nane kwa tisini. Amepanda ngazi za kanisa bila kusimama. Amesimama juu, dakika moja.

Jumanne, 14 Aprili
Hilda amepita akitoka parokiani. Amepeleka majina jana, Jumatatu ya Pasaka, bila kungoja picha. Baba yake aligomba mpaka akachoka. Nilimwuliza kwa nini asingoje siku chache tu.

"Nikingoja picha, itakuwa nimempima na mimi," alisema. "Yasomwe kwanza."

Tangazo la kwanza ni Jumapili tarehe 19 Aprili, misa ya pili. Picha ya moyo ni Jumatatu tarehe 20, saa mbili asubuhi, Peramiho. Wanaondoka na gari la kwanza.